Mariga: Kiungo aliyepitia baridi ya Sweden hadi kilele cha soka ya Ulaya

McDonald Mariga Wanyama ni kiungo mstaafu wa timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, na ndiye Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi ya Mabingwa Ulaya. Alizaliwa Nairobi mnamo Aprili 4, 1987. Katika maisha yake ya soka ya kulipwa ughaibuni alivalia jezi za Enköpings SK na Helsingborgs IF za Sweden, Parma, Inter Milan, Latina na Cuneo za Italia, pamoja na Real Sociedad na Real Oviedo za Uhispania. Mwaka 2010 alikuwa katika kikosi cha Inter kilichotwaa ubingwa wa Italia, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa katika msimu mmoja. Baada ya kutundika daluga aliingia siasani, na Desemba 2024 akachaguliwa naibu rais wa Shirikisho la Soka la Kenya (FKF).

Orodha hiyo ya vilabu yavutia, lakini yaficha jambo ambalo kila kijana anayepiga danadana katika viwanja vya vumbi vya Kondele, Nyalenda au Manyatta angepaswa kuelezwa. Safari ya Mariga iliamuliwa na makaratasi ya uhamiaji sawasawa na ilivyoamuliwa na miguu yake. Mara mbili milango ya Uingereza ilifungwa mbele yake kwa sababu isiyohusu kipaji chake hata kidogo. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa Sweden, nchi ambayo mashabiki wengi wa Kenya hawakuwa wakiifuatilia.

Mariga ni mwana wa familia ya wachezaji. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards katika miaka ya 1980. Nduguye mdogo, Victor Wanyama, alikuja kuwa nahodha wa Harambee Stars. Ndugu wengine, Thomas na Sylvester, nao walisakata kabumbu, na dada yao Mercy akawa mchezaji wa mpira wa kikapu wa kulipwa. Mariga alisoma katika Shule ya Upili ya Kamukunji, Nairobi, shule ambayo kwa miaka mingi imekuwa kisima cha vipaji vya soka, kisha akazichezea Tusker na Kenya Pipeline kabla hajafikisha umri wa miaka 19.

Kwa mashabiki wa Kisumu, jina la Noah Wanyama ni jina la upande wa pili. Mji huo ni ngome ya Gor Mahia, hata ingawa klabu yenyewe ina makao yake Nairobi. K'Ogalo, iliyoundwa mwaka 1968, na Leopards hukutana katika kipute kinachoitwa debi ya Mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana vizazi na vizazi, na wakwe hutaniana. Pwani ya Ziwa Victoria ilikuwa na historia yake ya kujivunia kabla Mariga hajazaliwa. Luo Union ilitwaa kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara mbili mfululizo, 1976 na 1977. Gor Mahia, chini ya nahodha Austin Oduor aliyejulikana kama Makamu, ililinyakua Kombe la Mandela la washindi wa Afrika mwaka 1987, mwaka uleule aliozaliwa Mariga. Waliikaba Espérance ya Tunisia kwa sare ya 2-2 ugenini na 1-1 jijini Nairobi, wakashinda kwa mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kulibeba kombe la bara.

Fahari hiyo haikugeuka kuwa ajira. Wengi katika kizazi hicho walicheza jioni baada ya kazi za mashirika ya umma, na waliofika Ulaya walikuwa wa kuhesabika. Mmoja wao alikuwa Mike Okoth Origi, ndugu yake Makamu, fowadi aliyehamia Ubelgiji mwaka 1992 na kujiunga na KV Oostende. Mwanawe, Divock, alizaliwa huko Ostend mwaka 1995. Kwa hiyo njia ya kwenda ng'ambo ilikuwapo, lakini ilikuwa kichochoro tu, na aliyeijua aliijua kwa bahati.

Mwaka 2005 Mariga alisajiliwa na Enköpings SK. Enköping ni mji mdogo karibu na Ziwa Mälaren, magharibi ya Stockholm, na klabu yake ilikuwa imeonja ligi kuu ya Sweden, Allsvenskan, kwa msimu mmoja tu, 2003, kabla ya kuteremka. Kwa kipimo cha Ulaya hapo palikuwa ukingoni kabisa. Lakini kwa mchezaji asiye na jina, ukingo huo ulikuwa na faida zake. Sweden haikuweka sharti kwamba nchi anayotoka mchezaji iwe juu katika orodha ya FIFA. Aidha, maajenti wa vilabu vikubwa vya Ulaya walikuwa na desturi ya kuitembelea ligi ya Sweden, kwa sababu wachezaji wake huuzwa kwa bei nafuu. Msimu huko huanza majira ya machipuko na kumalizika Novemba, wakati baridi imeanza kuwa kali. Kijana wa Eastlands alilazimika kujifunza kuukimbiza mpira kwenye nyasi zenye barafu.

Haikuchukua muda. Mwaka 2006 Helsingborgs IF, klabu ya bandari iliyo kusini mwa Sweden mkabala na Denmark, ilimchukua. Hapo alijikuta katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo na Henrik Larsson, mshambuliaji aliyerudi nyumbani katikati ya mwaka huo akitokea Barcelona, ambako alikuwa ametoka kushinda Ligi ya Mabingwa. Helsingborg ilitwaa Kombe la Sweden mwaka huohuo wa 2006. Ni vigumu kupima kijana wa miaka 19 hujifunza nini kwa kufanya mazoezi kila asubuhi na mtu wa aina ya Larsson, lakini tofauti ilionekana. Mariga, mrefu, mwenye mapafu ya farasi na miguu mirefu ya kunyang'anya mipira, alianza kutazamwa na wageni waliokaa jukwaani wakiwa na daftari.

Miongoni mwao walikuwa Portsmouth, ambao wakati huo walicheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Mapema 2007 walitaka kumsajili. Sheria za Uingereza, hata hivyo, zilitaka mchezaji kutoka nje ya Ulaya awe ameshiriki angalau robo tatu ya mechi za ushindani za timu yake ya taifa katika miaka miwili iliyotangulia, na nchi yake iwe miongoni mwa 70 bora duniani kwa wastani wa kipindi hicho. Kenya haikuwa karibu na nafasi hiyo. Oktoba 2006 FIFA ilikuwa hata imeifungia nchi kwa sababu ya ugomvi wa viongozi wa soka. Hapa ndipo mambo ya ofisini yalipomfikia mchezaji moja kwa moja. Migogoro ya viongozi huivuruga timu ya taifa, timu inayovurugika haishindi, isiposhinda huporomoka katika orodha, na mwisho wa yote kijana aliyeko Helsingborg hunyimwa kibali na afisa ambaye hajapata kumwona akicheza.

Agosti 2007 alikwenda Italia, kwa Parma. Msimu wa kwanza uliisha vibaya. Parma ilishushwa daraja siku ya mwisho, Mei 2008, ilipolazwa 2-0 nyumbani na Inter iliyokuwa ikisaka ubingwa, mabao yote mawili yakitiwa wavuni na Msweden, Zlatan Ibrahimović. Mariga alibaki, akacheza ligi ya pili, na mwaka 2009 klabu ikarejea Serie A. Vuli ya mwaka huo, chini ya mkufunzi Francesco Guidolin, Parma ikawa timu ya kuogopwa. Kiungo huyo Mkenya alikuwa nguzo yake: alikaba, akaanzisha mashambulizi, na alipopata nafasi akapanda mwenyewe. Wengi wanaomkumbuka Mariga kwa jezi ya Inter husahau kwamba soka yake bora kabisa aliisakata Parma.

Januari 2010 Manchester City, iliyokuwa imeanza kumwaga fedha za Abu Dhabi, ilikubaliana na Parma. Kilichobaki ni kibali cha kazi. Kenya ilikuwa bado nje ya 70 bora. Suala hilo likapanda hadi ngazi za juu za serikali. Waziri Mkuu wa Kenya wa wakati huo, Raila Odinga, mwana wa Bondo na mpenzi wa soka tangu ujana wake, aliingilia kati kumwombea mchezaji huyo kwa serikali ya Uingereza. Haikufua dafu. Ombi likakataliwa huku dirisha la uhamisho likikaribia kufungwa, na Inter, ambao hawakuhitaji idhini ya London, wakamchukua mara moja.

Bila shaka yalikuwa mapinduzi ya bahati. Kama afisa wa Uingereza angepiga muhuri, Mariga angekwenda kwenye timu iliyomaliza ya tano katika ligi yake. Badala yake alijiunga na kikosi cha José Mourinho ambacho kilikuwa kinaelekea kuandika historia. Machi 16, 2010, ugani Stamford Bridge, aliingia dakika za mwisho Inter ilipoilaza Chelsea 1-0, na kwa hatua hizo chache akawa Mkenya wa kwanza kugusa mpira katika Ligi ya Mabingwa. Aprili 24 alifunga bao katika ushindi wa 3-1 dhidi ya Atalanta, wakati Inter ikikabana koo na Roma kileleni mwa Serie A.

Siku nne baadaye ukaja usiku wa Camp Nou. Inter ilikwenda Barcelona ikiwa na uongozi wa mabao 3-1 kutoka mechi ya kwanza ya nusu fainali. Thiago Motta alionyeshwa kadi nyekundu kabla ya nusu saa kwisha. Kwa zaidi ya saa moja wachezaji kumi waliirudisha mipira ya Messi na wenzake kama wavuvi wanaoyachota maji katika mtumbwi unaovuja. Gerard Piqué alipofunga dakika ya 84, bao moja tu zaidi lingeitoa Inter. Dakika mbili baadaye Mourinho alimtoa Samuel Eto'o, akamwingiza Mariga. Kwa saa za Kenya usiku ulikuwa umekaribia saa sita. Mwamuzi alipopuliza kipenga, Inter ilikuwa imepoteza mechi na kufuzu kwa fainali.

Fainali ilichezwa Madrid, Mei 22, 2010. Diego Milito aliifungia Inter mabao yote mawili dhidi ya Bayern Munich. Mariga alikuwa benchi na hakuitwa uwanjani, lakini medali ya mshindi ni ya kikosi kizima. Miaka tisa baadaye, katika uwanja mwingine wa mji huohuo, Divock Origi aliifungia Liverpool bao la pili katika fainali ya 2019. Ukoo wa Makamu wa Gor Mahia na ukoo wa Noah wa Leopards, mashemeji wa kweli, wote wamefika Madrid na kurudi na medali ya Ulaya. Tofauti ni kwamba mmoja alifika akiwa Mkenya na mwingine akiwa Mbelgiji.

Baada ya kilele hicho ngazi zilielekea chini. Mourinho aliondoka, na nafasi za Mariga zikapungua. Mapema 2011 alikopeshwa Real Sociedad ya Uhispania, kisha akarudishwa Parma kwa mkopo. Majeraha ya goti yalimwandama na kuukata mwendo aliokuwa ametegemea. Inter ilimwachilia mwaka 2014, akarudi Parma akitafuta hifadhi mahali alipojulikana. Alichokikuta ni klabu iliyokuwa inazama: wachezaji walikaa miezi bila mishahara, na Machi 2015 mahakama ikaitangaza Parma kuwa imefilisika. Baadaye alipita Latina, kisha Real Oviedo, na akamalizia Cuneo, katika ligi ya tatu ya Italia.

Kwa timu ya taifa, hesabu ni chungu. Kenya ilicheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2004, kabla ya enzi yake, na haikurudi hadi 2019, baada ya enzi yake. Kwa hiyo mchezaji wa kwanza wa Kenya kuvaa medali ya mabingwa wa Ulaya hakupata kucheza fainali hata moja za bara lake. Alipokaribia zaidi ni katika mchujo wa mwaka 2009, ambao ulikuwa wa Kombe la Dunia na la Afrika kwa pamoja. Kenya ilifika hatua ya mwisho ya makundi, ikapangwa na Tunisia, Nigeria na Msumbiji, na ikamaliza bila tiketi yoyote baada ya kulazwa 3-2 na Nigeria jijini Nairobi Novemba 14.

Alichonyimwa yeye alikipata nduguye. Victor alimfuata Sweden akiwa bado mvulana, akafanya mazoezi na vijana wa Helsingborg, na baadaye akaanzia Beerschot ya Ubelgiji mwaka 2008. Alihamia Celtic ya Uskoti mwaka 2011. Novemba 2012 alipiga kichwa kilichoisaidia Celtic kuilaza Barcelona 2-1, na mwaka uliofuata akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, kwa jezi ya Southampton.

Hata hivyo, urithi wa Mariga hauishii katika nyumba ya Wanyama. Baada yake Sweden ikawa kituo cha kawaida kwa Wakenya. Beki Eric Ouma, aliyepitia Gor Mahia, akatua AIK ya Stockholm. Kiungo Eric Johana Omondi akaanza katika vilabu vya mji huohuo. Mfano unaoigusa Kisumu zaidi ni wa Joseph Okumu. Beki huyo wa kati alizaliwa Kisumu mwaka 1997 na kuichezea Chemelil Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kilichoko katika mashamba ya miwa mashariki ya mji. Alizunguka Afrika Kusini na Marekani kabla ya kuonekana akiichezea Kenya katika Kombe la Afrika la 2019 nchini Misri. Mwezi Agosti mwaka huo IF Elfsborg ya Borås ikamsajili. Miaka miwili baadaye aliuzwa kwa Gent ya Ubelgiji, na mwaka 2023 akahamia Reims ya Ufaransa. Ni ngazi ileile aliyoipanda Mariga, iliyohamishwa kidogo tu: Sweden kwanza, soko la Ulaya baadaye.

Tofauti iko nyuma yao. Alipoondoka Okumu, ngazi ya chini kabisa, ile ya nyumbani, ilikuwa inaoza. Muhoroni Youth iliteremka kutoka Ligi Kuu mwaka 2017. Chemelil yenyewe, kiwanda chake kikiwa taabani, ilishuka mwaka 2020. Kisumu All Stars ilipanda mwaka 2019 na kushuka msimu uliofuata. Western Stima ilipoteza ufadhili wa kampuni ya umeme mwaka 2020. Uwanja mpya wa Jomo Kenyatta ulifunguliwa Mamboleo mwaka 2021, ukiwa na nyasi safi na viti vya kutosha, wakati ukanda ule umebakiwa na vilabu vichache vya kuvijaza. Kijana wa leo wa Kisumu mwenye kipaji cha Okumu hana tena Chemelil ya ligi kuu ya kuonekana nayo.

Mwaka 2019 Mariga aliwashangaza wengi alipojitosa katika uchaguzi mdogo wa Kibra, Nairobi, kwa tiketi ya chama cha Jubilee. Kiti kilikuwa wazi kufuatia kifo cha mbunge Ken Okoth wa ODM. Kibra ilikuwa sehemu ya eneo bunge la zamani la Lang'ata, alikokuwa mbunge Raila Odinga kwa miaka ishirini, na Raila alipaita chumba chake cha kulala. Hivyo mwanasiasa aliyempigania Mariga mwaka 2010 akawa ndiye mpinzani wake mkuu. Tume ya uchaguzi, IEBC, kwanza ilimkataa kwa hoja kwamba jina lake halikuonekana katika rejista ya wapiga kura, makaratasi tena. Alikata rufaa na kuruhusiwa. Novemba 7 Bernard Okoth, maarufu Imran, alishinda kwa kura 24,636 dhidi ya 11,230 za Mariga. Kabla matokeo hayajakamilika, Mariga alimpigia mshindi simu mbele ya kamera na kumpongeza, kitendo ambacho hakina mazoea katika siasa za Kenya na ambacho huenda kilimjengea heshima kuliko kampeni nzima.

Alirudi katika soka kupitia ofisi. Desemba 7, 2024, Hussein Mohammed alichaguliwa rais wa FKF, Mariga akiwa mgombea mwenza wake. Mchezaji aliyenyimwa vibali kwa sababu ya udhaifu wa shirikisho akakalia kiti ndani ya shirikisho lenyewe. Jaribio lao kubwa la kwanza lilikuja Agosti 2025, Kenya ilipoandaa fainali za CHAN pamoja na Uganda na Tanzania. Harambee Stars ya mkufunzi Benni McCarthy iliilaza Morocco 1-0 na kuongoza kundi lake, kisha ikatolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali, Agosti 22. Mechi zote za Kenya zilichezwa Kasarani, na Mamboleo haikupewa hata moja.